Kuhusu ule unga wa bakteria

Upanga, Dar es Salaam

Mpendwa Mama Karim,

Hujambo shoga yangu? Sisi tupo na mvua na matope yetu. Umeuliza kama ule unga wa bakteria wazuri wa duka la dawa utamkinga mdogo wake Karim na kuharisha. Kuwatafuta bakteria wa namna hiyo maabara ndiyo kazi yangu siku hizi.

Tunachukua kinyesi cha watoto wanaonyonya na wenye afya njema (usicheke), tunaotesha bakteria wa asidi ya laktiki waliomo (jamaa wa wale wanaogandisha mtindi), kisha tunawapitisha kwenye usaili kama wa ajira za serikali: wanaingia mamia, wanabaki wachache. Kwanza tindikali kali ya pH 2 au 3, kama ya tumboni. Wengi wanafia hapo. Waliosalimika tunawatia kwenye nyongo. Halafu tunawakutanisha na bakteria wa kuharisha, E. koli, Salmonela na Shigela, kwenye sahani moja, kila mmoja wa wetu kwenye kishimo chake, tuone nani atawafukuza wabaya hadi pabaki duara tupu kukizunguka. Wenzangu hulishangilia sana hilo duara. Mimi naona hata ndimu ingelitengeneza. Ninachoogopa zaidi ni usugu wa dawa. Bakteria mwenye vinasaba vya kuhimili antibayotiki anaweza kuwagawia wabaya hukohuko utumboni, kwa hiyo tunamtupa hata akiwa amefaulu mengine yote.

Na kufaulu maabara si kumponya mtoto. Lactobacillus rhamnosus GG ni maarufu kuliko wote, lakini jaribio kubwa la Marekani lililochapishwa mwaka 2018 lilionyesha kuwa watoto waliokuwa tayari wanaharisha hawakupona vizuri zaidi ya waliopewa unga usio na kitu.

Togwa, uji wetu wa kuchachusha, naiheshimu zaidi. Utafiti wa hapahapa Tanzania, uliochapishwa 1999, ulikuta vimelea vya kuharisha vichache kwenye kinyesi cha watoto wa chini ya miaka 5 waliokula uji uliochachushwa.

Wewe angalia kadi ya kliniki kama mtoto amemaliza matone ya rota, chanjo ya kirusi cha kuharisha. Akiharisha, mpe ORS (ile dawa ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji) na zinki siku 10 hadi 14, na usimwachishe ziwa. Ukiona damu au macho yamezama, mkimbize kituo cha afya.

Kama umeshanunua hilo kopo, nisomee lilivyoandikwa. Likiwa na Lactobacillus tu, bila herufi za mwisho kama hizo GG zinazotaja ni bakteria yupi hasa, hata mimi siwezi kukwambia kilichomo.

Msalimie Baba Karim.

Shoga yako,
Mama Neema