Barua ya wazi kwa Wakurugenzi wa Halmashauri: nakala za data za hospitali mmewahi kuzirudisha?

Ndugu Wakurugenzi,

YAH: KUREJESHA HUDUMA ZA HOSPITALI BAADA YA MAAFA

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika siku moja, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, na intaneti ikazorota karibu Tanzania nzima. Aliyelipia laini mbili kwa kampuni mbili alijiona salama, kumbe zote zaweza kupita njia moja.

Nakala za data nazo ni vivyo hivyo. Seva ya hospitali, yaani kompyuta kuu inayotunza kumbukumbu, ipo, na diski ya nje yenye nakala imechomekwa humo humo usiku na mchana. Moto ukiwaka vinaungua pamoja; virusi vya kufunga mafaili na kudai fidia vikiingia, vinaifunga na diski. Strasbourg, Ufaransa, tarehe 10 Machi 2021, jengo la kituo cha data cha OVHcloud liliteketea, na kuna wateja ambao nakala zao zilikuwa eneo hilo hilo.

Nakala tatu, vyombo vya aina mbili, moja ilale nje ya jengo ikiwa imechomolewa: hilo maafisa tehama wenu wanalijua. Lisilofanyika ni kurudisha data kutoka kwenye nakala hizo. Kila robo mwaka chukueni kompyuta tupu, mrudishe hifadhidata nzima huku mkiangalia saa. Hapo ndipo madudu hujitokeza: faili la nakala ni baiti sifuri, yaani halina kitu, kwa kuwa diski ilijaa zamani na programu haikumwambia mtu, au nywila ya kufungulia nakala imetunzwa ndani ya seva ile ile iliyokufa.

Kuna hesabu nyingine. Nakala ikichukuliwa saa 6 usiku na seva ikafa saa 10 jioni, saa 16 zimepotea: kila mgonjwa aliyesajiliwa asubuhi hayumo. Kama hilo linavumilika, aamue mganga mfawidhi, si fundi.

Jenereta msiiwashe dakika tano kila Jumatatu bila mzigo. Mnaiumiza: dizeli haiungui yote, masizi na mafuta mabichi yanajaa kwenye ekzosi. Kila mwezi zimeni swichi kuu, ibebe angalau asilimia 30 ya uwezo wake kwa dakika 30. Ikigoma kuwaka, anzeni na betri.

Fomu za karatasi za mapokezi, maabara na dawa ziwepo za kutosha siku tatu. Namba za mafundi zibandikwe ukutani. Zikiwa kwenye barua pepe siku hiyo hazitafunguka. Na atakayeziingiza fomu hizo kwenye mfumo atajwe mapema kwa cheo, la sivyo zitabaki boksini.

Tunaomba jaribio la kwanza la kurudisha lifanyike kabla hamjapitisha bajeti ijayo, na muda uliotumika uambatanishwe.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mafundi wa mifumo na mitandao