Barua kwa Mliosafisha Jiko la Dada Yangu

Wanangu, wajukuu zangu, na nyie wakwe mlioingia ukooni kwa ndoa,

Assalaam alaykum. Nawaandikia wote kwa mpigo kwa sababu kila niliyemuuliza peke yake amenijibu, "Mama mdogo, siku ile mimi sikuwepo." Haya, kama hakuna aliyekuwepo, basi jiko la marehemu dada yangu lilijisafisha lenyewe. Na mniwie radhi kuiweka barua hadharani. Nimeona nyumba nyingine nazo zikifanya haya haya, wacha na wao wasome.

Nilipokuja Ngamiani, hapa Tanga, baada ya arobaini nilikuta jiko la uani limepakwa rangi, masizi yamekwanguliwa, na jiko la gesi limekaa pale palipokuwa na mafiga. Nilifurahi, wallahi. Dada aliuvuta moshi ule maisha yake yote, na uzeeni macho yake yalikuwa mekundu asubuhi na jioni. Serikali yenyewe inataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia, na mimi naomba dua siku hiyo iwahi. Kwa hiyo asije mtu akasema bibi kizee anatetea kuni. Kuni sizitetei. Nauliza vyombo.

Mbuzi ya kukunia nazi iko wapi? Kifumbu cha kukamulia tui? Yale makawa mawili ya ukindu ya kufunikia chakula? Vyungu? Mkanijibu kwamba vya bati na chuma alichukua kijana wa skrepa, vya mti na ukindu vikatiwa kwenye mkokoteni wa taka, na vyungu "vilikuwa vimeshapasuka". Vyote? Siku moja? Kinu kimesalimika kwa sababu hakuna kati yenu aliyeweza kukinyanyua.

Ningenyamaza. Mwenye mali ametangulia, na sufuria si shamba la kugombewa mahakamani. Lakini ikaja Idi, mkapika wali wa nazi wa nyumba nzima, na ule wali, Mungu atusamehe kwa kuisema riziki yake, chini uliungua, katikati ukawa bokoboko, juu una kiini. Nikakaa kimya nikasikiliza mashauri yenu. Mmoja akasema ni mchele, siku hizi wa Kyela unachanganywa. Mwingine akasema ni gesi, moto wake hauna baraka. Msomi wetu akafungua simu kutafuta vipimo, akapata vya mtu anayepika mchele mwingine, kwenye chombo kingine, nchi nyingine. Hakuna aliyekumbuka kwamba kipimo cha wali wa mama yenu kilikuwa kile kikombe cha bati, cheupe, chenye ukingo wa buluu, kilichobanduka rangi karibu na mkono. Na kikombe hicho mmekiuza kwa kilo pamoja na bawaba za mlango.

Hapo ndipo penye ugomvi wangu na nyie, na hapo nitakaa kidogo.

Dada yangu hakuwa na daftari la mapishi. Kusoma alisoma, na mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko huu wangu, ila hakuona haja. Vipimo vyake vyote vilikaa kwenye vyombo. Vikombe vitatu vya mchele, nazi mbili. Sufuria kubwa ilikuwa na bonde ubavuni, ililipata siku ilipoteleza ikagonga ukingo wa kisima, na tui jepesi lilijazwa mpaka chini kidogo ya bonde lile, likizidi unalichota. Tui zito, la mkamuo wa kwanza, lilikaa pembeni kwenye bakuli likingoja. Wali ukishakauka maji ndipo linamiminwa juu, unafunikwa, makaa yanapaliwa juu ya mfuniko. Nyie mlifungua pakiti za dukani mkazimimina zote tangu mwanzo. Tui zito likikaa na moto muda wote huo linashika chini, lazima. Mchele wa Kyela masikini ya Mungu umesingiziwa bure.

"Mama mdogo, si ungetuambia." Nimewaambia. Dada naye aliwaambia. Siku ile anawaonyesha jinsi ya kupima mlikuwa mnampiga picha, mmemvisha kawa kichwani mnacheka. Picha ipo, nimeiona, ameitika mapozi yenu kwa mapenzi tu. Kikombe kimo kwenye picha, mkononi mwake, na hakuna aliyeuliza ni cha nini.

Kabla ya kikombe kulikuwa na kibaba cha bibi yetu. Vibaba vinne ni pishi, na pishi ndiyo fitri ya kila kichwa. Usiku wa kuamkia Idi bibi alitupanga mstari, akampimia kila mmoja pishi yake huku akimtaja jina, hata mtoto mchanga aliyelala akatajwa. Leo mnaambiwa kilo mbili na nusu, mnatuma hela kwa simu, na fitri inafika, sikatai. Lakini nawaona kwenye makundi yenu ya michango mkiandikiana "haba na haba hujaza kibaba", na kibaba chenyewe hamjapata kukitia machoni. Mimi nimekishika, nimekifuta vumbi, nimechapwa kwa kukichezea mchanga.

Basi hili ndilo ninaloliomba, na ningeomba nyumba zote zenye mzee aliye hai zilisikie. Kabla hujatupa chombo cha mtu mzima, pika naye kwa chombo hicho. Mwache apime yeye, halafu wewe umimine alichopima kwenye kipimo chako cha kisasa, uandike. Ukishaandika, kitupe ukitaka. Mkitupa kabla ya hapo mnatupa chakula cha miaka ijayo, na hamtajua mpaka siku ya karamu, wageni wamekaa mkekani.

Sasa mbuzi. Nyie vijana wa kiume msidhani barua hii inawapita. Mkunaji hodari wa nyumba yetu alikuwa mjomba wenu mkubwa, aliyekuwa dereva wa lori la mkonge. Ijumaa, kabla hajaoga kwenda msikitini, alivuta ile mbuzi uani akakaa upande, sinia chini ya meno ya chuma, nazi akaizungusha kwa mikono miwili. Alituambia tusitazame, tusikilize. Meno yakiwa kwenye nyama ya nazi sauti ni laini. Sauti ikianza kukwaruza umefika kwenye ngozi ya kahawia, simama, maana ukiendelea tui linaingia weusi na wali unapoteza rangi. Mimi nikikuna mpaka leo nasikiliza. Wale waliokua wakiambiwa jikoni si mahali pa mwanamume waliambiwa na nani? Si na wazee wa pwani ninaowajua mimi. Pilau ya harusi hapa Tanga inapikwa na wanaume tangu sijazaliwa.

Blenda sina neno nayo. Ninayo, nasagia pilipili na juisi ya ukwaju, na nazi pia siku mgongo ukigoma. Ila anayesaga nazi kwa blenda bado anahitaji kitu cha kukamulia, na kifumbu mmekitupa. Mnakamua kwa kitambaa cha shela, machicha yanapita, mnalalamika tui lina chenga.

Chuma cha vitumbua nimekikuta nyuma ya tangi la maji, kinang'aa. Nikauliza nani amekitendea hivi. Mkwe mmoja, mtoto mwenye adabu na bidii, akasema kwa furaha, "Mama, mimi. Kilikuwa cheusi, nimekisugua kwa waya siku nzima." Mwanangu, sikukasirika nawe, nakuandikia ulijue. Ule weusi haukuwa uchafu. Ni mafuta yaliyoungulia kwenye chuma moto baada ya moto mpaka yakawa ngozi, na ngozi hiyo ndiyo inayomwachia kitumbua ang'oke mzima. Ukiitoa, chuma kinarudi utoto. Ndiyo maana vitumbua vyenu vilibaki vishimoni mkala vipande mkaviita "vya kijiko". Kwanza kifutwe, kipakwe mafuta, kiwekwe motoni mpaka kitoe moshi, kipoe, kipakwe tena, na tena. Kisha usikioshe kwa sabuni kali. Na unga wa mchele uliolowekwa usiku kucha, si wa saa moja. Hilo halihusu chuma lakini nimelikumbuka.

Mwiko niliuchukua mimi mwenyewe siku ya matanga, na msiudai. Umelika upande mmoja. Ukiushika kwa mkono wa kulia unakaa vibaya, kwa sababu dada alisonga kwa kushoto. Mama yetu alimkemea sana mkono ule: kula kulia, kupokea kulia, kusalimia kulia, na dada akatii yote. Sufuria ilipokuwa motoni mama aligeuka akatazama ukuta, akamwacha asonge anavyoweza. Hakuna mtu aliyewahi kulisema jambo hili nyumbani kwetu. Ninyi mngejuaje, kama si huo mti uliolika?

Mengine nayataja tu. Ungo usiloweke wala usikalie. Chungu kipya kipikie uji kwanza kabla ya mchuzi. Upawa wa kifuu ukilegea mpini usitie gundi, chonga mwingine. Kisamvu kitwangwe kwenye kinu, na hata ukikisaga kwa blenda ukichemshe sana, jani la muhogo lina sumu yake. Mkate wa sinia hauwezi kuiva bila moto wa juu, tafuteni oveni au rudisheni makaa siku hiyo moja.

Nasema na wakubwa pia, maana watoto hawakujifunza kutupa peke yao. Nendeni kwenye kichenpati yoyote mjini. Kamati inakaa miezi, sare inachaguliwa, mshereheshaji analipwa. Bibi harusi anapewa friji, seti za nonstiki, na hotpoti za kujaza kabati. Halafu somo, yaani kungwi wake, anaingia na mwiko, ungo na mchi, anacheza navyo, watu wanatuza, na vyombo vile vinarudishwa kwa mpambaji kwa sababu vilikodiwa. Vimekodiwa! Binti anaondoka akiwa ameona ungo ukizungushwa kiunoni, na hajaonyeshwa kupeta hata kibaba kimoja cha mchele. Tunalipa kiingilio kwenda kuangalia kinu Kijiji cha Makumbusho pale Dar es Salaam, na cha nyumbani tunakiotesha maua. Zamani shuleni kulikuwa na Sayansikimu, mwalimu akiwasimamia watoto jikoni. Sasa tunamwachia mtoto simu, tunamlaumu akipika kama simu ilivyomwambia.

Na sisi wazee wenzangu, tuna kosa la kujibu "utajua ukikua". Mtoto akiuliza kiasi gani tunasema "kiasi", "kadiri", "ukiona inatosha". Inatosha vipi na yeye hajawahi kuona? Mwambieni vikombe vitatu. Mtieni kikombe mkononi.

Nisiwachoshe. Najua mlisafisha mkiwa na majonzi, na mtu mwenye majonzi hupenda kuona mahali peupe. Najua pia mkubwa wenu alilia alipokiona kile kisahani cha dada cha kunywea chai, akakificha kwenye mkoba akidhani sikumwona. Hicho ni chake, asisumbuliwe na mtu.

Kuhusu kikombe, nimezunguka kwa wauza vikombe vya bati nikapata kinacholingana kwa macho. Nimekijaza mchele nikilinganisha na mkono wangu, maana nami nilipika kwa kile cha zamani. Nadhani kipya kimezidi kidogo, kwa hiyo nimekichora mstari kwa msumari ndani. Jumamosi ya mwisho wa mwezi nitakuwa Ngamiani tangu asubuhi. Mje na nazi, za kufua wenyewe, na yule msomi aje na daftari na mzani wa jikoni. Mbuzi nimeazima kwa jirani wa nyumba ya tatu, na nimemwahidi itarudi kabla ya magharibi.

Chuma cha vitumbua kiko kwangu, kimeanza kukubali mafuta. Atakayekitaka aje kukichukua mwenyewe, asimtume bodaboda. Kinu kitabaki palepale uani mpaka apatikane mwenye pikapu na vijana wanne. Anayetaka kukiotesha maua asinipigie simu.

Ni mimi mama mdogo wenu,
Tanga