Mabondo, mizani na chuki kwa wageni

Mhariri,

Mnunuzi wa mabondo (vibofu vya hewa vya samaki) kutoka China akitukanwa mwaloni, pale samaki wanaposhushwa, harudi. Humtuma dalali, naye hukata chake kwa kila kilo. Anayeumia ni mvuvi, na mkopo wa nyavu na mafuta aliokuwa akipewa na mnunuzi huyo ndiyo basi tena.

Ugomvi mwingi huanzia kwenye maji yaliyomo ndani ya bondo. Bondo bichi likikaushwa uzito hushuka sana. Mvuvi akisikia bei ya kavu kisha akalipwa ya bichi, mgeni huitwa tapeli. Matapeli wapo kweli, hata wazawa! Dawa ni mizani iliyohakikiwa na Wakala wa Vipimo, bei ya bichi na kavu ubaoni kabla ya kupima, na stakabadhi. Chuki kwa wageni huwarudia wenyeji: Uganda iliwafukuza Waasia 1972, ikiwapa siku 90 kuondoka. Uzalishaji wa sukari ukaporomoka.

Mdau wa uvuvi,
Kirumba, Mwanza