Jumapili ni Rosa Mistika, tuanze na Regina
Habari za jioni wapendwa, Jumapili saa mbili usiku tunaijadili Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi, ile ya 1971, na safari hii naomba tusiishie kwa Rosa maana kila mtu akisoma anakimbilia kumlaumu binti tu, tumwangalie mama yake kwanza. Regina, huyu mama wa Namagondo kule Ukerewe, ndo anabeba nyumba nzima, kulima yeye, watoto yeye, mume mlevi anampiga na bado anatakiwa anyamaze!! Zakaria, huyo mumewe, naye anajifanya analinda binti, barua moja tu ya kijana Charles kwa Rosa mtoto kachapwa vibaya, halafu tunashangaa alivyofika shule ya bweni anaogopa wanaume na baadaye akapotea kabisa. Mi naona mwandishi kamwadhibu Rosa kupita kiasi kumfikisha kwenye kujiua, ila pale baba na binti wanaposhitakiana mbele ya Mungu pananiuma mpaka leo. Mje na jibu la hili: Regina angeondoka angeenda wapi, kijijini, miaka ile? Kina dada msikae kimya jamani, na kaka zetu pia mseme