Tingatinga na ukurasa wa utamaduni

Mhariri, naomba nafasi kidogo, ukurasa wenu wa utamaduni siku hizi umejaa bongofleva tu (sio mbaya, hata mie nasikiliza).

Juzi nimepita kwa wachoraji wa picha za tingatinga pale Morogoro Stores, Oysterbay, Dar, nikamkuta kijana anamtia chui madoa, anaweka nukta nyeusi halafu katikati anagusa njano kwa ncha ya brashi, mkono hautetemeki kabisa, na rangi inang'aa kama baiskeli iliyotoka dukani. Na ndo asili yake hiyo! Edward Saidi Tingatinga, mtu wa Tunduru, alianza 1968 na rangi za baiskeli juu ya vipande vya hadibodi, picha anauzia hukohuko Oysterbay. 1972 akauawa kwa risasi ya polisi waliomdhania jambazi, yaani miaka kama minne tu ya kuchora ndo imezaa yote haya, aisee.

Sisi wabongo tunaona picha hizi ni za kuuzia wazungu, ukutani tunatundika kalenda ya benki. Tumeni mwandishi basi akaongee na wazee wa fani, na picha mzitoe za rangi jamani, chui wa tingatinga kwenye nyeusi na nyeupe ni paka tu.

Msomaji wenu, Kinondoni