Caruso hakuwa mtu wa pointi sita tu

Mdogo wangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka huku, mimi mzima. Ada nimeshatuma, muulize Mama. Lile la paa tutalimaliza mwisho wa mwezi, usinisukume.

Leo nina jambo jingine. Shemeji ameniambia ulichosema mbele ya Baba Mdogo: kwamba Lakers, timu ya basketi ya Los Angeles, walipomwachia mchezaji wao Alex Caruso aondoke 2021 hawakupoteza kitu, kwamba alikuwa mtu wa pointi sita tu kwa mechi, na kwamba dada yako anakaa Marekani lakini basketi haijui. Hilo la mwisho limeniuma. Mechi unazoamkia wewe alfajiri na macho mekundu, mimi naziona jioni, nimeshakula, na nikitaka nazirudia. Kwa hiyo kaa chini usome.

Pointi sita ni kweli. Msimu wa 2020-21 wastani wake ulikuwa 6.4. Lakini msimu huohuo Lakers ndio waliokuwa na ulinzi bora kuliko timu zote za ligi ya NBA, na nyota wao LeBron James na Anthony Davis wote wawili walikosa mechi nyingi kwa majeraha. Sasa huo ulinzi ulishikwa na nani? Rudi nyuma kidogo, Oktoba 2020, mechi ya 6 ya fainali dhidi ya Miami. Kocha Frank Vogel alimweka Dwight Howard benchi, akamwanzisha Caruso. Usiku huo walichukua ubingwa.

Halafu ikaja dili ya nyota Russell Westbrook. Agosti 2021 Lakers walitoa Kyle Kuzma, Kentavious Caldwell-Pope, Montrezl Harrell na chaguo la 22 la drafti (zamu ya kuchagua mchezaji chipukizi), wakampata Westbrook kutoka Washington. Wewe uliona jina, mimi nataka uone mshahara: dola milioni 44 kwa msimu mmoja. Jumlisha na wa LeBron na wa Davis, unapata zaidi ya milioni 120 kwa watu watatu, wakati ukomo wa mishahara ya timu nzima mwaka ule ulikuwa milioni 112 na ushei. Timu ikishavuka ukomo haiendi tena sokoni kumchukua inayemtaka. Inabaki na mikataba ya kima cha chini na vijinafasi vichache ambavyo sheria inaruhusu. Mchezaji wake mwenyewe inaweza kumbakiza, ila ikivuka na mstari wa kodi, ulio juu ya ukomo, kila dola ya ziada inalipiwa kodi ya ligi, na kodi hiyo ni kubwa kuliko dola yenyewe. Hapo ndipo Caruso alipoponyoka. Chicago walimpa milioni 37 kwa miaka minne, Lakers wakamwacha aende. Kwa hiyo usinihesabie dili ile kuwa watu watatu kwa mmoja. Mimi nahesabu wanne.

Msimu uliofuata walishinda mechi 33, wakapoteza 49, na mtoano hawakuugusa. Na sababu si uvivu wa Westbrook kama anavyodai Baba Mdogo, maana yule bwana alijituma kila usiku. Tatizo lilikuwa nafasi uwanjani. Caldwell-Pope alitoka akiwa anafunga asilimia 41 ya mitupo ya pointi tatu, kwa hiyo mlinzi wake hakuthubutu kumwacha peke yake kona. Westbrook alifunga chini ya asilimia 30. Mlinzi wake alikuwa anarudi nyuma tu, anasimama ndani, kwenye njia ileile ambayo LeBron anaitaka kwenda kwenye kikapu. Tazama tena mechi yoyote ya msimu ule na uhesabu miguu ya wapinzani iliyo ndani ya eneo lile. Utaona mwenyewe.

Na Caruso je? Fanya hivi: chukua mechi ya 7 ya mtoano kati ya Oklahoma City, alikohamia Caruso, na Denver, Mei 2025, uitazame bila kuufuata mpira. Caruso ana mita 1.96, na alitumwa amkabe Jokić, nyota wa Denver, mwenye 2.11. Angekaa nyuma yake angesukumwa kwa mgongo hadi chini ya kikapu. Kwa hiyo anajipenyeza mbele, anajiweka kati ya Jokić na mpira, magoti yamekunjwa, mkono mmoja nyuma kumhisi anakoelekea, mwingine juu kwenye njia ya pasi. Pasi ya chini haipiti. Ya juu ikipita, Holmgren au Hartenstein, warefu wa Oklahoma City, yuko nyuma anaisubiri. Kila mara Denver wanapoteza sekunde kadhaa za saa ya mtupo (sekunde 24 za kushambulia) kabla Jokić hajaugusa mpira, na shambulio linaanza limechelewa. Kwenye karatasi ya takwimu kazi hiyo haina safu. Ilimalizika 125 kwa 93, na mwezi uliofuata Oklahoma City wakawa mabingwa. Unajua walimpata kutoka Chicago kwa kubadilishana na nani? Na Josh Giddey, mtu kwa mtu, bila chaguo hata moja la drafti juu yake. Caldwell-Pope naye alishabeba taji na Denver 2023.

Mwambie Baba Mdogo kwamba yake pia nimeisikia, ile ya kwamba Houston walifaidika kumpata nyota Charles Barkley. Agosti 1996 walitoa wanne kwenda Phoenix, akiwemo Sam Cassell na Robert Horry, ambaye wastani wake wa maisha yote ni pointi 7. Houston wakiwa na Barkley hawakufika fainali hata mara moja. Horry alipita Phoenix miezi michache tu, Januari 1997 akapelekwa Lakers, akachukua mataji matatu huko na mawili San Antonio, juu ya mawili aliyotoka nayo Houston. Mechi ya 4 ya Lakers dhidi ya Sacramento mwaka 2002 Baba Mdogo anaikumbuka vizuri. Kobe alikosa, Shaq akakosa, Divac wa Sacramento akaupiga mpira utoke mbali, ukamfikia Horry nje ya mstari wa pointi tatu, akafunga. 100 kwa 99. Alikuwa amesimama pale kwa sababu pale ndipo kazi yake ilipokuwa.

Sikatai kwamba mtu wa kazi ana mahali pake, ukimhamisha anaweza kupungua. Caldwell-Pope alipokwenda Orlando 2024 mitupo yake ya pointi tatu ilishuka hadi asilimia 34. Hakuwa tena na Jokić wa kumletea mpira mkononi akiwa peke yake. Ndiyo maana nasema bei ya mtu kama huyu huisomi kwenye wastani wake. Uliza alikuwa anamkaba nani, dakika tano za mwisho alikuwa ndani au benchi, na alipoondoka nani aliifanya ile kazi.

Kisa cha Bruce Brown nilitaka kukiruka, lakini kinafundisha sheria. Aliwafungia Denver pointi 21 kwenye mechi ya 4 ya fainali za 2023, halafu akaondoka kiangazi hichohicho. Wengi walisema Denver ni wabahili. Hapana. Alikuwa amekaa nao msimu mmoja tu, na kwa mtu wa msimu mmoja timu iliyovuka ukomo inaruhusiwa kumpa asilimia 120 ya mshahara wake wa awali, basi. Alikuwa anapata kama milioni 6 na nusu. Indiana walimpa milioni 45 kwa miaka miwili. Na Januari 2024 mkataba ule mnono ndio uliosawazisha mishahara ya pande mbili, kama sheria inavyotaka, Indiana walipomchukua Pascal Siakam kutoka Toronto, wakiongeza chaguo tatu za raundi ya kwanza ya drafti. Siakam akawafikisha fainali 2025. Hata mshahara wa mtu wa benchi ni mali.

Huku natazama peke yangu. Sauti ya televisheni nzuri, picha nzuri, lakini hakuna wa kunibishia, na mechi ikiisha nyumba inanyamaza ghafla. Wakati mwingine naacha matangazo yaendelee tu.

Jibu la Horry nalisubiri, na liandikwe na Baba Mdogo mwenyewe kwa mkono wake, asikutume wewe. Msalimie Mama na Shemeji.

Dada yako