Barua ya malalamiko: mmeng'oa nafasi ya memori kadi, kisha mkanifutia kazi yangu

Magomeni, Dar es Salaam
14 Machi 2025

Meneja Mkuu,
Tawi la Tanzania,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KUFUTWA KWA VITU VYANGU KWENYE SIMU KATIKA KITUO CHENU CHA HUDUMA, NA UAMUZI WENU WA KUONDOA NAFASI YA MEMORI KADI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Masharti ya waranti mmeyaandika wenyewe, hivyo sitayarudia. Risiti ya EFD (mashine ya kodi) na karatasi ya mapokezi nimeziambatanisha. Simu niliileta kwa tatizo moja tu: mdomo wa chaji ulikuwa umelegea, mpaka uushikilie waya kwa kidole ndipo chaji iingie. Nilimwomba kijana wa mapokezi aandike kwenye fomu kwamba vilivyomo visiguswe. Aliandika kwa mkono wake na akagonga muhuri.

Siku ya kuichukua niliiwasha pale pale kaunta. Ikanikaribisha, ikaniuliza nachagua lugha gani. Simu niliyoitumia karibu mwaka mzima inaniuliza lugha! Nikajua imeflashiwa, yaani imefutwa yote na kuanzishwa upya. Picha hakuna, sauti hakuna, vipimo vya nguo za wateja wangu hakuna. Nikamuuliza kijana wenu vitu vyangu viko wapi, naye akajibu bila kuinua uso: "Mama, kwani hukulipia hifadhi ya mtandaoni?" Kisha akachukua kipeperushi cha toleo jipya, akakilaza juu ya simu yangu.

Naandika kwa adabu, Ndugu Meneja, lakini jambo hili limenikaa kooni.

Mdomo wa chaji hautengenezwi kwa kufuta picha. Nendeni Kariakoo, Mtaa wa Aggrey. Fundi mwenye meza na mwavuli anaifungua simu, anaung'oa mdomo mbovu, anauchomelea mwingine, wewe umekaa kwenye stuli unamwangalia, na unaondoka na picha zako zote. Fundi huyo nilimpita nikaja kwenu kwa sababu waranti yenu inasema simu ikifunguliwa nje haki yangu imekwisha. Mmenizuia kwenda Kariakoo, halafu mmenitendea jambo ambalo Kariakoo wasingethubutu.

Mimi ni fundi cherehani. Kifua, kiuno, nyonga, urefu wa mkono, urefu wa gauni kutoka begani: kila mteja alikuwa na ukurasa wake, pamoja na picha ya mshono alioutaka. Kulikuwa na oda ya sare za harusi, shangazi na mama wadogo wa bibi harusi, wengine wako Tanga na Tabora, na vipimo vyao walinitumia kwa sauti kupitia WhatsApp. Vitambaa vya wachache nilikuwa nimeshavikata. Waliobaki imebidi niwapigie mmoja mmoja, niwaombe wapimwe upya, niwaeleze aibu ambayo si yangu. Mmoja alitaka hela yake. Nimemrudishia, na hela hiyo nitaidai kwenu hapo chini.

Simu yenu niliyokuwa nayo kabla ya hii ilikuwa na nafasi ya kadi. Ilipodondoka kioo kikafa, nilichomoa kadi na kazi yangu yote ikahamia kwenye simu nyingine. Ndiyo sababu nilirudi kununua kwenu. Kwenye toleo hili nikakuta mmeing'oa. Muuzaji wenu alidai ni kwa ajili ya kuzuia maji. Samsung waliiondoa nafasi hiyo kwenye Galaxy S6 mwaka 2015, wateja wakalalamika, na mwaka 2016 wakairudisha kwenye S7. Hiyo S7 ilikuwa inahimili maji na kadi inaingia. Wameiondoa tena kwenye S21 mwaka 2021, lakini hoja ya maji ilishakufa zamani, na nyinyi mnaotengeneza simu mnaijua kunizidi.

Sababu ni hela. Tofauti ya bei kati ya simu yenu ya GB 128 na ile ya GB 256 inanunua kadi ya ukubwa huo na chenji inabaki. Anayeshindwa kuongeza, mnamletea ujumbe kila nafasi inapokaribia kujaa: lipia hifadhi ya mtandaoni kwa mwezi. Huyu ni mwenye nyumba anayeng'oa kabati la chumbani halafu anakukodisha kabati koridoni. Na ili nipandishe picha huko lazima ninunue bando, kwa hiyo nalipa mara mbili kuweka kitu ambacho kadi ingekibeba bure. Mmewahi kukaa na fundi, mama lishe au dereva wa bajaji mkamuuliza bando lake la wiki linaishia wapi?

Naona mmekodolea macho Apple. Wao tangu iPhone ya kwanza mwaka 2007 hawajawahi kuweka nafasi ya kadi, na aliyenunua alijua anachonunua. Sisi tulikuja kwenu kwa sababu nyinyi mlikuwa nayo. Mwaka 2016 Apple waliondoa tundu la hedifoni, nanyi baadaye mkaliondoa. Mwaka 2020 waliondoa kichwa cha chaji kwenye boksi wakasema wanalinda mazingira, mkaja kukiondoa kwa maneno yale yale. Mngefuata basi na yaliyowakuta: mwaka 2022 serikali ya Brazil ilizuia iPhone kuuzwa bila chaji na kuwatoza faini ya zaidi ya reali milioni 12. Lakini Google mwaka 2023 na Samsung mwaka 2024 walipoahidi masasisho ya miaka saba kwa simu zao kubwa, hapo hamkuiga mtu. Mnaiga kupunguza tu.

Hapa kwetu mnaoshindana nao ni Tecno, Infinix na itel. Wao walituwekea laini mbili wakati wengine wanatuuzia simu ya laini moja, wakati watu wengi hapa wana laini zaidi ya moja. Kamera wakazirekebisha ngozi nyeusi ionekane ilivyo. Simu zao nyingi mpaka leo zina nafasi ya kadi na chaji ndani ya boksi, kwa bei iliyo chini ya yenu. Mnatuuzia jina, na sisi tumelilipia jina hilo miaka yote kwa kuamini lina uangalizi nyuma yake.

Uangalizi wenyewe ndio ule wa kaunta, na narudia kuueleza kwa sababu sitaki mtu aseme hakuelewa. Benchi la nyuma yangu lilikuwa limejaa watu. Nilimwambia, "Mwanangu, niliandikisha visiguswe," nikamfunulia fomu yenye muhuri wenu. Akaisoma, akaikunja, akanirudishia. Akasema, "Ni utaratibu, kila simu inayoingia inafutwa." Kama ni utaratibu, kwa nini aliandika visiguswe? Ndipo akaniuliza, kwa sauti ya watu wote kugeuka, kwani sikulipia hifadhi. Mimi, mwenye umri wa mama yake, nimesimama na simu tupu mkononi, naulizwa mbele za watu kama mtu asiyelipa madeni. Nikaomba msimamizi. Nikaambiwa yuko kwenye kikao. Mlango wake ulikuwa wazi, na yeye ameketi ndani na kikombe mkononi, tunatazamana. Hakunyanyuka. Kijana akakilaza kile kipeperushi juu ya simu yangu, akaizungushia bei duara kwa kalamu, akasema, "Chukua hii mama, ina nafasi kubwa, haijai." Halafu akaita namba ya mteja mwingine.

Na simu mpaka sasa waya wa chaji bado unashikiliwa kwa kidole. Hilo nalo hawakulitengeneza.

Nilipoanza kuandika, nilitaka kuombwa radhi na mjaribu kunirudishia vitu vyangu. Nimefika hapa naona hayo hayatoshi. Nataka mdomo wa chaji utengenezwe nikiwa nimekaa pale pale naangalia. Nataka fidia ya hela niliyomrudishia mteja na ya vocha nilizotumia kuwatafuta wengine. Na kama vitu vyangu haviwezi kurudi, basi simu yenu siitaki, nirudishieni bei niliyonunulia kama ilivyo kwenye risiti. Msimamizi na yule kijana waniombe radhi wakiwa pale kaunta, benchi likiwa na watu. Na huo utaratibu wa kufuta kila simu uandikwe kwa herufi kubwa ukutani, kwa Kiswahili, mteja ausome kabla hajakabidhi simu yake.

Vipimo, majina na namba za wateja wangu ni taarifa za watu, na nchi hii ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ina pia Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayomlinda mnunuzi. Malalamiko yangu kwa Tume ya Ushindani na kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi yameshaandikwa, na fomu yenye muhuri wenu imetolewa nakala. Nawapa siku 14 tangu mpokee barua hii. Nataka jibu la maandishi lenye jina na saini, si ujumbe wa simu kwamba malalamiko yangu yamepokelewa. Siku hizo zikipita, malalamiko hayo yanakwenda, na picha ya fomu ile naiweka kwenye kundi letu la mafundi cherehani wa Dar es Salaam, ambao wengi wao wanatumia simu zenu na hawajui zikiingia kwenu zinafutwa.

Mteja wenu,
Fundi cherehani, Magomeni

Viambatanisho: risiti ya EFD, fomu ya mapokezi yenye muhuri, na kile kipeperushi.